Kuiandaa nyumba kwa ajili ya kuuza: vitu kwanza, maji pili, rangi mwisho

Watu wengi wakiamua kuuza nyumba Dar es Salaam, simu ya kwanza wanampigia fundi rangi. Nasi tulifanya hivyo hivyo. Mama alikuwa ameamua kuuza nyumba ya Tabata ahamie Morogoro karibu na dada yake, basi tukanunua ndoo tatu za rangi ya maji, tukapaka sebule, korido na vyumba vya mbele kwa siku nne. Nyumba ikapendeza. Wiki mbili baadaye mvua ya Aprili ikanyesha usiku kucha, na asubuhi yake mnunuzi akaja. Aliingia sebuleni, akaenda moja kwa moja kwenye kona iliyo kando ya kabati la vyombo, akaweka kiganja ukutani, kisha akakinusa. Rangi mpya ilikuwa imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Hakusema neno. Jioni dalali alitupigia kututajia bei aliyotoa, na pengo lake lingetosha kuurudia ukuta ule mara nyingi.

Baadaye nilielewa kwamba mtu yule hakupunguza bei kwa sababu ya ukuta. Alipunguza kwa sababu ya hofu. Alijiuliza: kama hapa wamepaka juu ya maji, wamepaka juu ya nini kule kwingine? Mnunuzi wa nyumba yetu ya kawaida haji kutafuta uzuri, anakuja kutafuta kasoro. Kila asichokielewa anakitoza, na anakitoza zaidi ya gharama ya kukitengeneza. Kwa hiyo kuiandaa nyumba ni kumwondolea hofu kwa kazi ya kweli. Nayo kazi hiyo ina mpangilio: vitu vitoke kwanza, kwa kuwa huwezi kuona ugonjwa wa ukuta uliokingwa na kabati, halafu utafute maji, halafu umeme na mbao, rangi ije mwisho. Tulianza upya kwa mpangilio huo, na ndio ninaouandika hapa.

Chagua msimu

Pwani tuna masika, Machi mpaka Mei, na vuli, Oktoba mpaka Desemba. Masika yatumie kuchunguza. Kila mvua kubwa ikinyesha, zunguka nyumba na daftari: dari imelowa wapi, maji yametuama upande gani, mlango gani umevimba haufungi. Chora ramani ya nyumba, hata ya mkono, uweke alama. Matengenezo yafanye Juni mpaka Agosti, kuta zinapokauka kwa haraka, na wanunuzi uwapokee kabla vuli haijaanza. Ukiwa na haraka unaweza kufanya wakati wowote, ila ukuta uliolowa haukaukii shida zako. Plasta mpya peke yake inataka kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi.

Hatua ya kwanza: vitu

Anzia stoo na uani. Ukianzia sebuleni, vitu vyote utavihamishia stoo, na baada ya wiki utakuwa umehamisha msongamano tu. Stoo ikiwa tupu, una pa kupangia, na una chumba kimoja ambacho tayari unaweza kukikagua kuta zake.

Tenga marundo manne: cha kuhama nacho, cha kuuza au kugawa, cha kutupa, na cha mjadala. Hilo la nne ndilo lililotuokoa. Nyumba iliyokaliwa miaka thelathini ina vitu ambavyo mtoto anaona takataka na mzazi anaona maisha yake. Ukianza kubishana kila kitu kinapotoka, kazi itasimama siku ya kwanza na mtakosana. Kiweke kwenye rundo la mjadala, endelea, na jioni kaeni pamoja mlipitie taratibu, chai ikiwepo.

Siku ya pili nilitoa stoo dumu la njano la lita 20, limekatwa mdomo, limejaa misumari yenye kutu. Lilikuwa zito, sikuweza kulinyanyua peke yangu.

"Mama, hili tumuuzie wa chuma chakavu?"

Mama aliinama, akachukua msumari mmoja, akauviringisha katikati ya vidole. "Hii baba yako aliinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo, mwanangu. Akitoka kazini anakaa pale kwenye ngazi. Tulikuwa hatuna hela ya kununua mipya, na bati zilikuwa zimeshafika."

Sikuwa nimejua. Tulitoa misumari michache tukaitia kwenye kopo la maziwa, likaenda Morogoro. Iliyobaki ilipimwa kwa kilo, na mama mwenyewe ndiye aliyesimamia mzani. Nalisema hili kwa uzito: mzazi apewe nafasi ya kuaga. Nyumba inayosafishwa mzazi akiwa kanisani au msibani, atarudi aione imeporwa, na hapo ndipo watu hughairi kuuza.

Kila rundo lina njia yake ya kutokea. Chuma, mabati ya zamani na vipande vya nondo vina wanunuzi wanaopita mtaani, ila pima kwa mzani unaouamini. Feni, redio na televisheni mbovu mpe fundi wa elektroniki, atatoa vipuri. Nguo na vyombo vizima vigawe. Msikiti, kanisa na vituo vya kulea watoto wanapokea, lakini uliza kwanza wanahitaji nini, na nguo zipelekwe zimefuliwa. Tofali, vigae na rangi zilizobaki kwenye ujenzi usiuze vyote: acha vigae kumi au kumi na viwili vya kila aina kwa ajili ya kubadilisha vilivyopasuka, na mnunuzi atavipokea kwa furaha. Kama kuna vitu vya marehemu, usiguse mpaka warithi wote wakubaliane. Kitenge kimoja kilichogawiwa bila kuuliza kinaweza kuchelewesha nyumba nzima.

Karatasi usitupe rundo zima kamwe. Zipitie moja moja. Risiti za kodi ya ardhi za nyumba yetu tulizikuta ndani ya kopo la biskuti, chini ya vitambaa vya kochi.

Mtu akisimama mlangoni anatakiwa aone kona zote nne za chumba, na aweze kufika dirishani na kulifungua bila kusogeza kitu. Sebule yetu ilikuwa na makochi ya watu saba, kabati la vyombo la kioo, meza ya chakula na friji. Tulitoa kochi kubwa na friji, meza tukaisogeza, na watu waliokuwa wakija tangu zamani wakauliza kama tumebomoa ukuta. Juu ya makabati pasibaki begi wala sanduku. Ndani ya makabati ya ukutani punguza mpaka nusu, kwa sababu wanunuzi hufungua. Lakini usiimalize nyumba kabisa. Chumba chenye kitanda na meza humsaidia mtu kukadiria vyake vitakaa vipi, na nyumba tupu huita wezi.

Sasa sogeza kila kilichobaki sentimita thelathini kutoka ukutani. Ukaguzi unaanza hapa. Nyuma ya kabati la vyombo tulikuta ukuta mweusi kwa ukungu tangu sakafuni hadi kiunoni. Kabati lilikuwa pale tangu nikiwa shule ya msingi.

Hatua ya pili: fuata maji

Anza juu ushuke, kwa kuwa maji ndivyo yanavyotembea.

Panda darini saa sita mchana, zima tochi, kaa kimya dakika mbili macho yazoee. Kila kitobo cha bati kitaonekana kama nyota. Mara nyingi ni misumari iliyolegea au mpira wake umekauka kwa jua. Weka alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu, umwonyeshe fundi. Msumari ung'olewe, uwekwe mwingine mnene kidogo wenye mpira mpya. Kuupiga nyundo uleule ni kupanua tundu. Angalia pia kofia, pale mapaa mawili yanapokutana, na maungio ya bati na ukuta. Hapo ndipo fundi wengi hupaka lami tu, na lami hupasuka baada ya misimu miwili mitatu. Gata zisafishwe majani, kisha mwagia ndoo ya maji uone kama yanakimbia.

Tahadhari moja. Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni la asbesto, usilisugue, usilitoboe, usilivunje. Vumbi lake linadhuru mapafu. Muulize mtaalamu, na mnunuzi mwambie.

Doa la kahawia kwenye dari halitoki kwa rangi ya maji. Utapaka mara tatu, litarudi mara tatu, kwa sababu rangi ya maji huliyeyusha tena lile doa likapanda juu. Ziba paa kwanza, acha dari ikauke kabisa, paka praima ya mafuta juu ya doa, ndipo rangi ya kawaida ifuate. Jipsamu iliyolegea ukiibonyeza ikabonyea, ikate ubao huo uweke mwingine.

Kuta za chini ndizo zinazotesa nyumba za Dar. Utaona unga mweupe, rangi inamenyeka kama magamba, na watu wanasema ukuta unatoa chumvi. Ni kweli, na sababu yake ni rahisi. Tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi. Maji hupanda na chumvi, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi. Mchanga wa baharini au maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumika kujengea huongeza tatizo. Kwa hiyo kukwangua na kupaka upya hakusaidii kitu. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi.

Kwetu yalikuwa nje, upande wa pili wa kona ileile. Mama alikuwa na bustani ya mchaichai na mawaridi, na kila mwaka udongo uliongezwa mpaka ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Kila jioni aliponyweshea maua, alikuwa akinywesha ukuta wa sebule. Tulichimba tukaushusha udongo mpaka chini ya sakafu, tukaacha nafasi ya nusu mita kati ya maua na ukuta, tukamwaga zege jembamba lenye mwinamo wa kutoa maji nje. Ndani, fundi alibandua plasta mpaka nusu mita juu ya pale unyevu ulipokomea. Unga wa chumvi tuliuswaki kwa brashi kavu, kwa sababu ukiusafisha kwa maji unaurudisha ndani. Ukuta ukaachwa wazi mwezi mzima, madirisha yakifunguliwa mchana. Baadaye ikapigwa plasta yenye dawa ya kuzuia unyevu. Ule mwezi wa kusubiri ndio uliotuuma kuliko gharama, na ndio uliofanya kazi.

Ukungu mweusi usio na chumvi, hasa nyuma ya makabati na kwenye kona za bafu, mara nyingi ni hewa kukosa njia. Osha kwa jiki iliyochanganywa na maji, vaa glavu, acha pakauke. Jiki usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linaweza kukuua.

Mabomba yapime hivi: funga bomba zote jioni, piga picha mita ya maji, usitumie maji usiku, kisha piga tena asubuhi. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Tangi la choo lidondoshee rangi ya chakula na usivute. Maji ya ndani ya choo yakibadilika rangi baada ya nusu saa, mpira wa chini umechoka. Ni kipuri cha bei ndogo, na sauti ya choo kinachotiririka ni kitu cha kwanza mnunuzi atakachokisikia nyumba ikiwa kimya.

Harufu ya choo kisichotumika mara nyingi siyo shimo. Maji yanayokaa kwenye shingo iliyopinda chini ya sinki na kwenye tundu la sakafuni huzuia harufu kupanda. Yakikauka, mlango umefunguka. Mwagia jagi la maji kila baada ya siku chache.

Shimo lenyewe linyonywe kabla wageni hawajaanza kuja, uhifadhi risiti. Mifuniko ya chemba iliyovunjika ibadilishwe. Chora lilipo shimo, chemba ziko ngapi na mabomba yanapita wapi. Mchoro huo wa karatasi moja ulishikwa na kila mnunuzi makini aliyekuja kwetu.

Nyufa

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Chimba kidogo, ziba, piga msasa. Ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha kwenda mshazari, au unaopanda kama ngazi kwenye maungio ya tofali, huo unaongea habari za msingi. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili na upana wake, subiri miezi miwili. Ukiwa umetulia, ziba. Ukiwa unatembea, au kidole cha mwisho kinaanza kuingia, ita mhandisi kabla ya fundi. Ripoti yake, hata kama si nzuri, inakupa tatizo lenye bei. Ufa uliofichwa hauna bei, na mnunuzi ataukadiria mwenyewe.

Umeme na mbao

Kila swichi iwashe, kila taa iwake. Wanunuzi hubonyeza swichi bila hata kujua kwa nini. Soketi zilizolegea zikazwe, waya zinazoning'inia zifungwe, na kama meni swichi inatoa mlio au harufu ya kuungua mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si kijana anayejuajua. Balbu za sebule moja ziwe za rangi moja ya mwanga. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe haina deni, na kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo, basi mnunuzi akitaka uthibitisho risiti zako zipo.

Fremu za milango zigonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini. Sauti ikiwa tupu, mchwa ameshakula. Ile njia ya udongo inayopanda ukutani usiifute tu kwa ufagio. Piga dawa ya mchwa kuzunguka msingi, badilisha mbao iliyooza, ndipo ufute. Mlango unaokwaruza sakafu upigwe randa. Bawaba zitiwe mafuta. Nyavu za mbu zilizotoboka zibadilishwe zote, kwa maana kitu kidogo hiki humwambia mtu kama wenye nyumba walikuwa wakiijali.

Rangi

Sasa unaweza kumwita fundi rangi, na kazi yake itakuwa nyepesi.

Kwanza osha kuta kwa maji na sabuni, hasa jikoni, kwa sababu rangi haishiki kwenye mafuta. Rangi ya zamani sana isikwanguliwe kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowesha msasa, vaa barakoa, watoto wasiwepo. Ukuta wa rangi ya mafuta upigwe msasa mpaka mng'ao upotee, la sivyo rangi ya maji itabanduka kama karatasi. Sehemu mpya za plasta zipakwe praima.

Hesabu mwenyewe kabla ya kwenda dukani. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kuta za mita 3 kina mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Mikono miwili ni lita 7 na nusu hivi. Ukiwa na hesabu hiyo, huuziwi ndoo mbili za lita 20 kwa chumba kimoja, na rangi haiongezwi maji kupita kiasi ili itoshe.

Krimu na nyeupe iliyopoa zinatosha nyumba nzima. Chumba cha mama kilikuwa cha kijani alichokipenda miaka yote. Tulimwomba ruhusa, akatukubalia kwa sharti kwamba kipakwe cha mwisho, na kikapakwa cha mwisho.

Sakafu ya marumaru usiioshe kwa asidi kali. Inakula saruji nyeupe ya maungio na kuacha vigae vimepauka. Maungio yasugue kwa brashi ngumu, sabuni na magadi, kisha yajazwe upya yalipotoka.

Nje, na mawe ya mpaka

Geti ndilo mnunuzi analoligusa kwanza, akiwa bado hajasalimia. Kutu ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu halafu rangi ya mafuta. Kufuli lifunguke kwa mkono mmoja. Matawi yanayogusa bati yakatwe, maana yanajaza gata na kuwaleta panya darini.

Halafu fyeka nyasi mpaka bikoni zionekane. Jambo hili wengi hulisahau, na kwangu lina thamani kuliko peving mpya. Kama kiwanja kimepimwa, tafuta kila jiwe, lisafishe namba zake zisomeke, zilinganishe na ramani. Jiwe likikosekana au ukuta wa jirani ukiwa umeingia, bora ulijue sasa ukaongee naye kwa salamu na heshima, kabla mnunuzi hajaja na mpimaji wake. Sisi tulimwita mzee wa nyumba ya pili akasimama nasi pale kwenye jiwe. Siku ya mnunuzi alitoka mwenyewe, akamwambia, "Mpaka wetu ni huu, hatujawahi kugombana." Maneno hayo rangi haiwezi kuyasema.

Pasipostahili fedha yako

Jiko jipya, dari mpya ya mapambo, vigae vipya nyumba nzima: usifanye. Mnunuzi ana ladha yake, na mara nyingi atabomoa. Fedha yako ipeleke kwenye kinachovuja, kinachonuka, kinachokwama na kinachotisha. Kama zinabaki, ongeza taa ya nje.

Faili

Zile karatasi ulizozipitia zipange kwenye faili moja: hati au leseni ya makazi, mkataba wa manunuzi wa awali, kibali cha ujenzi kama kipo, risiti za kodi ya ardhi, bili ya maji ya mwisho, ule mchoro wa mabomba, na risiti za matengenezo yote. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, basi jua imebaki mingapi, utaulizwa. Risiti za ujenzi zina faida nyingine: TRA, mamlaka ya mapato, hutoza mkazi asilimia 10 ya faida ya mauzo, na gharama ulizoweza kuzithibitisha huipunguza faida hiyo.

Kama nyumba ni ya wanandoa, wote wawili wakubaliane mapema. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni ya mirathi, anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama watoto wote mmekubaliana barazani.

Dalali mpe nakala tu. Hati halisi isitoke nyumbani, na picha yake isiwekwe mtandaoni hata ukiombwa kwa upole.

Picha na siku ya wageni

Piga picha asubuhi au alasiri, mapazia yamefunguliwa, taa zimewashwa. Lalisha simu, simama kwenye kona, uishike usawa wa kifua. Ondoa picha za familia, namba ya mita na namba ya gari. Piga na choo. Tangazo lisilo na picha ya choo humfanya mtu awaze mabaya.

Siku ya wageni fungua madirisha tangu alfajiri. Usikaange samaki asubuhi hiyo. Udi kidogo ni heshima yetu na haukatazwi, lakini nyumba iliyojaa moshi wa udi saa nne asubuhi inamfanya mtu anuse zaidi akitafuta unachofunika. Nguo zitoke kwenye kamba, mbwa afungwe, dhahabu na simu zifungiwe. Mtu mmoja tu wa familia ndiye aongee. Wakifika chumbani, waache waingie wenyewe, wewe baki koridoni.

Kasoro uliyoitengeneza itaje mwenyewe. Mnunuzi wa mwisho alipofika kwenye kona yetu, nilimwambia kabla hajauliza: hapa palikuwa panapanda maji, chanzo kilikuwa bustani, tulifanya hivi, risiti hizi hapa na picha za ukuta ukiwa wazi hizi hapa. Aliweka kiganja kama yule wa kwanza. Akakaa kidogo, kisha akauliza habari za shule zilizo karibu.

Siku ya makabidhiano andika namba ya LUKU na ya mita ya maji mbele yake, mpige picha pamoja. Kila ufunguo ufungwe kipande cha mkanda chenye jina la mlango wake. Onyesha valvu kuu ya maji na meni swichi, mwachie namba ya fundi bomba aliyeijua nyumba, na vile vigae kumi na viwili viache stoo, kwenye kona kavu.